Mto Malagarasi haumalizwi kwa safari moja

Ukimwona kweche dume mwezi wa Agosti pembezoni mwa mashamba ya Kasulu, utamdhani shomoro. Kahawia, michirizi, basi. Rudi mvua zikiwa zimekolea na nyasi zimesimama: ndege yuleyule amevaa nyekundu ya kuwaka na nyeusi tii, anajitutumua juu ya bua na kuruka kwa mbwembwe mbele ya majike ambao bado wamevaa ile kahawia ya kila siku.

Ndiyo maana wapiga picha wanaokuja nyanda za juu za Kigoma wakati wa kiangazi tu, kwa kukwepa matope, huondoka na nusu ya habari.

Siyo kwamba kiangazi hakina chake. Kuanzia Juni barabara zinapitika, maji yanapungua na kingo za mchanga zinajitokeza. Tatizo ni moshi. Nyika inapochomwa, vilima vya Kibondo vinafifia na picha ya mbali inatoka kijivu. Hapo achana na mandhari, mtafute mdiria yule wa madoa meusi na meupe. Hutulia hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi lakini kichwa hakitikisiki, kisha hujitupa chini mdomo mbele. Akipata samaki humpigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza. Weka kamera kwenye kasi ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, na ulenge lile tawi mapema. Humo majini hutamuwahi.

Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza halijaanguka, miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Karibu na wakati huohuo mbayuwayu na keremkerem kutoka Ulaya huanza kuingia. Ikifika Aprili wengi wameshaondoka. Huku hakuna vuli na masika zilizotengana kama pwani. Mvua ni msimu mmoja mrefu, takribani Novemba hadi Mei, na mto unageuka mpana, wa udongo, wenye haraka.

Mto wenyewe una safari ya ajabu. Malagarasi unaanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini kwanza unalipa mgongo ziwa hilo na kuelekea kaskazini mashariki. Baadaye unageukia kusini, unapotelea kwenye mabwawa makubwa, kisha unakwenda magharibi kumwaga maji ziwani. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ya kwanza kwa Tanzania, ikiwa na zaidi ya hekta milioni tatu. Humo kwenye mafunjo anaishi korongo nyangumi, ndege wa mdomo kama kiatu cha mbao, awezaye kusimama muda mrefu bila kutikisika akimvizia kambare mamba. Kila mgeni anamtaka huyo. Lakini Moyowosi, ndani ya ardhioevu hiyo, ni pori la akiba: huingii bila kibali, na safari ni ya gharama. Mwenye simu nzuri na subira atapata mengi kwenye kijito cha kijijini kwake.

Jambo moja kwa wanaotoka Dar es Salaam: saa ni ileile, jua siyo. Kibondo iko magharibi kiasi kwamba jua huchomoza zaidi ya nusu saa baadaye. Ukiamka kwa mazoea ya pwani utakaa gizani ukiliwa na mbu.

Na ukipiga, andika tarehe na jina la mahali, hata kama ni kweche tu. Atlasi ya Ndege wa Tanzania imekuwa ikikusanya kumbukumbu za aina hiyo tangu miaka ya 1980, na picha isiyo na tarehe haiwezi kumwambia mtu kweche wa Kasulu alibadili manyoya mwezi gani.