Mashine za kuchanganya na kusukuma mota: yanayopaswa kupimwa kabla injini haijawashwa

Ujenzi wa shule, vituo vya afya na ofisi za umma unaendelea katika halmashauri mbalimbali nchini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mafundi wa maeneo husika chini ya kamati za ujenzi zinazoundwa na wananchi wenyewe. Katika kampeni iliyozinduliwa Oktoba 2021, ambapo Serikali ilielekeza Shilingi trilioni 1.3 kukabiliana na athari za UVIKO-19, mpango ulikuwa kujenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwemo 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi. Kazi ya ukubwa huo hutegemea mambo madogo sana, na mojawapo ni uamuzi unaofanywa kila asubuhi kando ya rundo la mchanga: maji kiasi gani yamwagwe.

Uamuzi huo unahusu mota, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji unaoshikanisha matofali na kupigia lipu. Kwa miaka mingi mota imechanganywa kwa koleo juu ya sakafu na kubebwa kwa karai au ndoo hadi kwa fundi. Sasa mashine za kuchanganya, na katika majengo ya ghorofa mashine za kusukuma mota kwa mpira hadi juu, zinazidi kutumika. Ni hatua njema, lakini mashine huongeza kasi ya kile inachopewa. Ikipewa mota mbovu, itafunika ukuta mzima kwa mota mbovu kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Si kila mashine ya kuchanganya inafaa kwa mota. Iliyozoeleka zaidi ni ile yenye pipa linalozunguka, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya zege. Ndani ya pipa hilo kokoto hupanda na kuanguka, na katika kuanguka huko husaga na kuvunja madonge ya saruji. Mota haina kokoto. Ni nzito na inanata, hivyo hujibandika kwenye kuta za pipa, huku madonge ya saruji kavu yakizunguka bila kuvunjika. Fundi huyagundua baadaye, akiwa tayari ameshapaka. Mashine inayofaa ni yenye beseni lililotulia na mapanga yanayozunguka ndani yake, yakikwangua chini na pembeni. Kamati inayokodi mashine kwa ajili ya lipu inapaswa kuuliza swali hilo moja kabla ya kuuliza bei.

Muda nao una kipimo chake. Baada ya vitu vyote kuingia, mota huhitaji kuzungushwa dakika 3 hadi 5. Chini ya hapo, rangi ya mchanganyiko huwa na mabaka. Kuizungusha kwa muda mrefu kupita kiasi nako hakuna faida, kwa sababu huingiza hewa na kuongeza joto. Mota iliyokwisha kuchanganywa inapaswa kutumika ndani ya takriban saa mbili hadi mbili na nusu, na mapema zaidi katika jua kali. Inayobaki baada ya hapo hutupwa. Desturi ya kuilainisha kwa kuiongezea maji mchana, ili isipotee, huokoa mfuko mmoja wa saruji na kuhatarisha ukuta mzima.

Maji ndiyo yanayostahili maelezo marefu zaidi. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Duff Abrams, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonesha kuwa nguvu ya zege hutegemea zaidi uwiano kati ya maji na saruji. Kadiri maji yanavyozidi, ndivyo nguvu inavyopungua. Sababu yake ni rahisi kueleweka, na inahusu mota pia. Saruji hutumia sehemu tu ya maji kugeuka jiwe. Yanayozidi hukauka taratibu, na mahali yalipokuwa hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho. Lipu yenye vitundu vingi hunyonya maji ya mvua, hupata nyufa na hatimaye hubanduka.

Ugumu ni kwamba maji hayatoki kwenye ndoo peke yake. Chukua mfano wa mchanganyiko wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa mchanga mara nne. Mfuko huo una ujazo wa takriban lita 35, hivyo mchanga utakuwa lita 140, ambao una uzito wa karibu kilo 200. Iwapo mchanga huo umenyeshewa usiku na una unyevu wa asilimia 5 tu, tayari umebeba lita 10 za maji. Mchanganyiko mzima huhitaji kati ya lita 30 na 40. Robo ya maji, au zaidi, imekwisha kuingia kabla ya mtu yeyote kushika ndoo. Fundi anayepima maji yaleyale ya jana, katika siku ya kiangazi, atapata uji.

Mchanga wenye unyevu una hila nyingine: hufura. Mchanga mwembamba ulioloa kidogo unaweza kujaza nafasi kubwa kwa robo nzima, hata zaidi, kuliko ukiwa mkavu. Ndoo inaonekana imejaa, kumbe mchanga wenyewe ni pungufu. Ndiyo maana kufunika rundo la mchanga kwa turubai, jambo ambalo wengi huliona dogo, lina uzito katika ubora wa jengo kuliko rangi ya mashine au ukubwa wa injini yake.

Usafi wa mchanga unaweza kupimwa na mjumbe yeyote wa kamati. Mchanga hutiwa katika chupa inayoonesha ndani hadi karibu nusu, kisha maji yenye chumvi kidogo huongezwa, chupa hutikiswa kwa nguvu na kuachwa itulie kwa saa tatu. Udongo laini hutuama juu ya mchanga kama tabaka jembamba. Tabaka hilo likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo usafishwe au urudishwe. Mchanga wa baharini, kwa wakazi wa Pwani, ni suala jingine: chumvi yake hutoa madoa meupe ukutani na huharakisha kutu ya nondo zilizo karibu.

Mota ikishachanganywa vizuri, ndipo suala la kuisukuma linapokuja. Historia ya kurusha mota ukutani kwa nguvu ya hewa ina uhusiano usiotarajiwa na ukanda huu. Aliyebuni mashine ya kwanza ya aina hiyo, mwaka 1907, alikuwa Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza sanamu za wanyama kwa ngozi zao halisi kwa ajili ya makumbusho, na ambaye alifika Kenya kukusanya tembo. Makumbusho aliyokuwa akifanyia kazi Chicago yalikuwa na kuta zinazobanduka, naye akatengeneza chombo kinachopuliza saruji na mchanga mkavu kupitia mpira na kuuchanganya na maji mwishoni. Akeley alifariki mwaka 1926 katika milima ya Virunga, Kongo, na huko ndiko alikozikwa.

Pampu nyingi za lipu za leo hufanya kazi tofauti. Ndani yake kuna chuma kilichosokotwa mithili ya parafujo, kiitwacho rota, kinachozunguka ndani ya ala ya mpira mgumu iitwayo stata. Kati ya viwili hivyo hutokea vyumba vidogo vinavyosogea mbele na kubeba mota, kwa kanuni iliyobuniwa na mhandisi Mfaransa René Moineau katika miaka ya 1930. Mwishoni mwa mpira, hewa ya kompresa huitawanya mota ukutani. Pampu nyingine hutumia pistoni; hizo huvumilia zaidi mchanga mkwaruzo, ila msukumo wake hauendi sawasawa.

Stata ni kipuri kinachokwisha. Mchanga huila polepole, na ikishalika, pampu hupoteza msukumo. Pampu ikiendeshwa bila kitu ndani, stata inaweza kuungua kwa dakika chache. Anayenunua mashine bila kuuliza stata mpya inapatikana wapi na kwa bei gani amenunua nusu ya mashine.

Je, pampu inafaa kila mahali? Hesabu husaidia. Chumba cha mita 9 kwa 7 chenye kuta za kimo cha mita 3 kina takriban mita za mraba 80 za kupiga lipu ndani, baada ya kutoa milango na madirisha. Kwa unene wa milimita 15, kazi hiyo huhitaji lita 1,200 za mota, ambazo ni ndoo 60 za lita 20 na uzito unaozidi tani mbili. Pampu ya ukubwa wa kawaida inayotoa lita 20 kwa dakika itaisukuma yote kwa saa moja. Lakini hakuna mafundi wawili wanaoweza kunyoosha na kusugua kuta nne kwa saa moja. Mota itakauka wakiitazama. Kwa darasa moja kijijini, mashine ya kuchanganya yenye mapanga, ndoo zenye alama na turubai la mchanga vinatosha. Pampu hupata maana katika jengo la ghorofa, ambako kuta ni nyingi na kila ndoo inapaswa kupandishwa ngazi, au pale ambapo kikundi kimoja kinahudumia majengo kadhaa yaliyo karibu.

Palipo na pampu, hatari kubwa ni kuziba kwa mpira. Shinikizo ndani ya mpira linaweza kuzidi mara kumi ya upepo wa tairi la gari dogo. Mchanga usiokuwa na chembe laini za kutosha huacha maji yapenye na kutangulia mbele, kisha nyuma hubaki donge kavu lisilosogea. Mpira uliokunjika, au uliosimamishwa kwa muda mrefu juani, huleta matokeo yaleyale. Ndiyo maana kabla ya kuanza, uji wa saruji hupitishwa kwanza ili kulainisha njia, na mchanga huchekechwa kwa wavu wa takriban milimita 5. Chokaa kidogo ya ujenzi nayo husaidia mota kushika maji yake.

Mpira ukiziba, mashine huzimwa na pampu kuzungushwa kinyumenyume ili shinikizo lipungue. Hakuna kiungio kinachofunguliwa kabla ya kipima shinikizo kusoma sifuri, na hata hapo kiungio hufunikwa kwa turubai na anayefungua hugeuza uso pembeni. Kugonga mpira kwa nyundo na kuongeza msukumo, kama baadhi wanavyofanya kwa haraka, kunaweza kumrushia mtu mota usoni kwa nguvu ya kumpofusha. Saruji mbichi huunguza ngozi na macho; iliyoingia jichoni huoshwa kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15, kisha mhusika hupelekwa kituo cha afya bila kusubiri maumivu yatulie.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuhakikisha mazingira salama na kutoa vifaa kinga. Kwa kazi hii maana yake ni miwani, glovu, buti, na barakoa wakati wa kufungua mifuko na kumimina mchanga mkavu, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Wavu wa kinga juu ya mapanga ya mashine usiondolewe ili kurahisisha kumimina, na koleo lisiingizwe mapanga yakizunguka. Nyaya za umeme zisilazwe kwenye madimbwi ya kusafishia vyombo.

Lipo pia swali la ajira, na ni la haki. Saidia fundi anayelipwa kwa siku kwa kubeba karai huiona pampu kama mpinzani wake. Kwa upande mwingine, mashine huhitaji anayepima, anayeiendesha, anayeshika mpira na anayeitunza, na nafasi hizo huhitaji mafunzo mafupi. Vijana wanaonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ambayo utoaji wake ulirejeshwa mwaka 2024, wanaweza kulitazama hili kama biashara ya kukodisha. Kikundi kitakachoanza na mashine ya kuchanganya kitakuwa na wateja wengi kuliko kitakachokimbilia pampu, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Jioni, kabla mota haijaganda, beseni na mapanga huoshwa, na sponji hupitishwa ndani ya mpira kwa maji hadi itoke safi upande wa pili. Maji hayo ya kuoshea yana saruji. Hayamwagwi mtoni, kwenye mfereji wa barabara wala karibu na kisima. Huachwa yatuame katika shimo lililochimbwa kando ya eneo la kazi, na masimbi yake yakishakuwa magumu huondolewa pamoja na kifusi.