Salamu za redioni Koboko zinavuka mipaka miwili

ARUA, Uganda

Mfanyabiashara wa Koboko akiomba wimbo redioni, anayesalimiwa huenda yuko Yei, Sudan Kusini, au Ingbokolo, Kongo. Wakakwa wanaishi pande zote tatu, na pale Salia Musala nchi hizo zinakutana. Mawimbi hayapangi foleni Oraba kusubiri mhuri.

Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua ilianza mwaka 2004, chini ya miaka miwili baada ya serikali na waasi wa UNRF II kutia saini mkataba wa amani Yumbe, Desemba 2002. Inatangaza kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kilugbara na Kikakwa. Kwa hiyo ombi la wimbo hapa si la mji mmoja.

Maombi huja kwa simu, ujumbe mfupi na WhatsApp. Saa moja haitoshi. Wimbo wa dakika nne, ukitoa matangazo ya biashara na ya vifo, unabakiza nafasi ya nyimbo kumi hivi, na walioomba ni wengi kuliko hizo. Ndiyo maana mtangazaji hukusanya majina mengi chini ya wimbo mmoja. Anayekubali wimbo ambao tayari uko kwenye orodha husikika mapema kuliko anayeng'ang'ania wake. Na kituo cha dini usikiombe wimbo wa baa.

Mwaka 2016 vita vilipofika Yei, maelfu walikimbilia Koboko na Yumbe. Kwa mtu aliyepotezana na nduguye, jina hilo kutajwa hewani halikuwa burudani tena.

Lakini salamu ni ujumbe, na ujumbe husikiwa na yeyote. Marekani ilipoingia vitani, kanuni za udhibiti za Januari 1942 ziliwataka watangazaji wakatae nyimbo zinazoombwa kwa simu au telegramu, na zile za barua wazicheleweshe, kwa hofu kwamba wimbo ungeweza kuwa ishara ya jasusi.

Muuza mchele wa Koboko hana haja ya kuogopa jasusi. Wa kuogopwa ni jambazi wa njiani. Mke anayemsalimu mumewe "anayerudi kesho kutoka Yei baada ya kuuza mzigo wote" ametangaza njia, siku na fedha, na mwenye nia mbaya hahitaji kuuliza zaidi. Namba ya simu nayo ikisomwa hewani, matapeli wa pesa za simu wameshaiandika. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inaihusu namba hiyo pia, ingawa kwa maoni yangu ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa anayetuma.

Tumia jina la utani ambalo wenzako wa sokoni wanalijua. Taja soko, siku usiitaje. Namba mwachie mtangazaji peke yake, umwambie waziwazi asiisome. Na salamu za safari zitume mzigo ukishafika.