Sangara Mmoja, Meza Nyingi

Mgeni afikapo Mwanza hudhani ya kuwa sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Victoria hula minofu ya sangara kila siku. Sivyo. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi samaki huyu anavyogawanywa, kwa maana mgawanyo huo haufanywi na mvuvi wala mpishi, bali na bei ya ng'ambo.

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, akawala furu karibu kuwamaliza, naye huweza kufikia kilo 200. Viwanda vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, minofu yake ilianza kusafirishwa Ulaya kwa wingi. Huko hupendwa kwa kuwa haina miiba.

Lakini minofu haifiki nusu ya uzito wa samaki. Kichwa na mifupa, ambavyo twaviita mapanki, hubaki kwetu. Mama yangu huyanunua, huyakaanga na kuyauza sokoni, na nauli yangu ya kuja shuleni hutoka humo, basi siwezi kuyadharau. Tena shavu la sangara ni tamu kuliko mnofu, na hilo Wazungu hawalijui! Sangara wengine hutiwa chumvi na kuanikwa, wakaitwa kayabo, nao huvuka mpaka kwenda Kongo. Bondo, yaani kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni, hukaushwa na kupelekwa China kupikwa supu; kilo moja yake hushinda kwa bei kilo nyingi za minofu.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia sangara wetu kwa miezi kadhaa, kwa hofu ya sumu ambayo baadhi ya wavuvi waliitumia kuvulia. Bei mwaloni ilianguka. Baba mdogo, aliyekuwa mvuvi siku hizo, asema walikula sangara mzima mpaka wakamkinai, lakini hawakuwa na fedha ya sabuni. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wasemao biashara hii ifungwe. Neno langu ni kwamba anunuaye kwa bei kubwa ndiye achaguaye kwanza, nasi hula kilichosalia.

Hata dagaa wameingia katika safari hiyo. Malori huwapeleka Kongo, na wengine husagwa kuwa chakula cha kuku. Hapa shuleni tulizoea kuwala Jumatano na Jumamosi. Gunia limepanda bei, na tangu muhula huu Jumatano ni maharage.