Kabla ya Kufunga Trela Nyuma ya Gari Dogo

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, nyumbani kwangu huzuka mjadala ule ule: twende wapi, na twende vipi? Mshahara wa mwalimu, hata awe wa chuo kikuu, hauwezi kuwalaza watu watano hotelini kule Naivasha kwa siku nne. Hema linaweza. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa sasa mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tumekuwa watu wa kupiga kambi kando ya ziwa, tukisikiliza viboko wakitoka majini usiku kuja kula nyasi. Taabu yetu haikuwa hema. Taabu ilikuwa gari.

Gari langu ni dogo, la injini ya lita 1.3, na uzito wake likiwa tupu hukaribia tani moja. Wakishaingia watu watano, buti hubaki na nafasi ya mfuko wa unga na viatu. Miaka ya mwanzo tulirundika mizigo kwenye keria hadi gari likafanana na matatu ya kwenda mashambani wakati wa Krismasi. Kisha watoto wakarefuka, magodoro yakaongezeka, nami nikaanza kuota trela.

Mwenye ndoto hii hukabiliwa na njia tatu. Ya kwanza ni ile nyumba nzima ya magurudumu, yenye jiko na vitanda, ambayo hupendeza sana katika picha za majarida ya ng'ambo. Kwa gari dogo hiyo haifai hata kujadiliwa. Ya pili ni trela la hema, yaani sanduku bapa linalofunuliwa likawa chumba cha turubai chenye vitanda juu ya ardhi. Hili ni zuri, na huwaepusha watoto na matope. Lakini vyuma vyake vingi hula sehemu kubwa ya uzito unaoruhusiwa kabla hujapakia hata sufuria moja. Ya tatu ni trela la sanduku la kawaida, jepesi, lenye ekseli moja na turubai juu, ambalo hubeba mahema na vyombo tu, na watu hulala chini kama walivyolala wazee wetu. Mimi nilichagua hili la tatu. Fundi wa jua kali aliniundia, nami nikamshikilia asiache kufanya jambo moja: magurudumu yake yalingane na ya gari, ili gurudumu moja la akiba litufae pande zote mbili. Nilimwomba pia aurefushe ule mkono wa mbele unaoshika gari, maana trela lenye mkono mfupi humtia dereva wazimu anaporudi nyuma.

Ni uzito gani basi unaoruhusiwa? Hapa nilipata fedheha ambayo wanaisimu wenzangu watanicheka kwayo. Gari langu liliingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, na kitabu cha maelezo kilichokuwamo ndani kimeandikwa kwa Kijapani. Mimi, ambaye hulipwa kwa kusema juu ya lugha za ulimwengu, nilikigeuzageuza kitabu ambacho maisha ya wanangu yalikitegemea, nisiambulie neno. Mwenzangu mmoja aisomaye lugha hiyo alinitafutia sehemu inayohusika. Hakukuwa na kiwango chochote cha kukokota. Waliolitengeneza hawakulikusudia kwa kazi hiyo. Ningekuwa na busara zaidi, labda ningeishia hapo. Badala yake nilishika kanuni ya Uingereza, kwamba trela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari, kutegemea kipi ni kidogo. Kwangu ilikuwa kilo 500. Nikaipunguza mpaka 350.

Sikupunguza kwa woga tu. Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Naivasha hupanda kwanza hadi zaidi ya mita 2,200 huko Limuru. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Farasi wangu mdogo, kwa hiyo, hufika Limuru akiwa amepoteza zaidi ya sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na ndipo anapotakiwa kukokota. Hata hivyo mlima haukunipa shida niliyoitarajia. Unapopanda, adhabu yako ni kwenda polepole na kutukanwa na madereva wa matatu. Adhabu ya kuteremka ni nyingine.

Tulikuwa tukishuka kuelekea Mai Mahiu, safari ya kwanza na trela, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Nilihisi kwanza usukani ukiwa mwepesi mno. Kisha nikaona kwenye kioo trela likitikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara kwa upana zaidi. Nikakanyaga breki, na trela likazidi kucharuka, kwa sababu sasa lilikuwa likilisukuma gari. Lori lilikuwa likipanda upande wa pili. Niliondoa miguu yangu yote kwenye pedeli, nikaushika usukani bila kuupindua, na polepole lile jinamizi likatulia. Lori lilipita kwa upana wa mkono. Mke wangu hakusema neno hadi tulipofika kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia mwaka 1942. Hapo nikasimama. Kitinda mimba wetu akauliza, "Baba, trela lilikuwa linacheza?"

Jibu nililipata wiki mbili baadaye, si maktabani bali katika soko la Wakulima, Nairobi. Nilikwenda kununua viazi, nikasimama kumtazama mzee mmoja akipakia mkokoteni. Alipanga magunia, akainua mikono ya mkokoteni kidogo, akaishusha, akalisogeza gunia moja mbele. Nikamwuliza sababu.

"Mwalimu," akanijibu (sijui alinitambuaje), "mzigo ukikaa nyuma unaninyanyua mimi. Ukikaa mbele sana unanivunja mgongo. Nataka unilalie kidogo tu."

Kisha akanionyesha kipande cha tairi kuukuu alichokifunga nyuma, ambacho hukikwaruzisha barabarani kwa kuinua mikono anapoteremka. Mzee yule alikuwa na breki, mimi sikuwa nayo.

Nimekwisha kuwafundisha wanafunzi wengi wa mofolojia kwamba *mkokoteni* ni nomino iliyozaliwa na kitenzi *kukokota*, na kwamba *kukokota* ni zaidi ya *kuvuta*, kwa sababu ndani yake mna uzito na taabu. Nilikuwa nimelichambua neno miaka yote hiyo nisikitazame chombo chenyewe.

Nyumbani nilifungua daftari nililoandika tulivyopakia siku ile. Mitungi minne ya maji ya lita 20 ilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa trela, kwa kuwa ndiyo tuliyotaka kuitoa kwanza. Hizo ni kilo 80 za maji zilizokuwa zikilinyanyua gari langu kwa nyuma, kama magunia yanavyomnyanyua mzee yule. Wataalamu husema mkono wa trela uligandamize gari kwa takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wa trela na mzigo wake. Nilipopakia upya vile vile na kupima kwa ile mizani ya nyumbani ya kupimia mwili, niliyoiweka chini ya kigogo, nilipata kilo 8. Trela zima, nililolipima kwa mizani ya mfanyabiashara wa mahindi kwa kuweka kitu kimoja kimoja, lilikuwa kilo 330.

Sasa maji hatuyabebi. Huyajaza mitungi tukifika. Mtungi wa gesi na vyombo vya chuma hukaa juu ya ekseli, magodoro nyuma. Kabla ya mteremko naingiza gia ya chini kule juu, wala sivuki kilomita 60 kwa saa hata wapige honi namna gani. Na kila safari, asubuhi, mizani ile hutolewa bafuni. Mke wangu ndiye msomaji, maana haniamini tena. Agosti iliyopita alisoma kilo 27, akanitazama, akaliondoa sanduku la vitabu vyangu nyuma na kulisukuma mbele. Ikawa 31. Tukaondoka.