Kazi ikibadilika, fundi hurudi kuwa mwanafunzi

Katika ofisi nyingi yuko mama mmoja, karani wa masjala, ambaye idara nzima inamtegemea. Ukimtajia jina la mtu anainuka, anakwenda moja kwa moja kwenye kabati lake, anavuta jalada bila hata kusoma namba. Kisha siku moja majalada yote yanahamishiwa kwenye kompyuta. Mama yule yule anakaa mbele ya kioo akitafuta herufi moja moja, na kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita anamwinamia na kumwambia, "Mama, bonyeza hapo." Jioni anarudi nyumbani amechoka kuliko siku alizoshinda akibeba mafaili.

Wakubwa wakimwona hivyo husema amezeeka, au hataki mabadiliko. Saikolojia ya kazi ina jibu tofauti, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilipatikana katika kiwanda cha nguo.

Kiwanda hicho kiliitwa Harwood, katika mji wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Katika miaka ya 1940 kilishona nguo za kulalia. Wengi wa wafanyakazi wake walikuwa wanawake vijana kutoka vijiji vya milimani, na malipo yao yalitegemea kiasi cha kazi waliyomaliza. Kiwango kilichotakiwa kilikuwa vipimo 60 kwa saa. Soko lilipobadilika, baadhi yao walihamishiwa kazi nyingine, na kiwanda kiliwaongezea posho ili mapato yao yasishuke wakati wanajifunza. Posho haikusaidia. Kati ya mamia ya wazoefu waliohamishwa, asilimia 38 tu ndio waliorudi kwenye kiwango. Asilimia 62 ama walibaki chini yake ama waliacha kazi.

Lester Coch, meneja wa wafanyakazi, na mwanasaikolojia John French walichapisha uchunguzi wao mwaka 1948. Jambo la kwanza walilolibaini linashangaza hadi leo: mzoefu aliyehamishwa alichukua muda mrefu kufikia kiwango kuliko mgeni aliyeanza bila kujua lolote. Walidhani huenda mikono ilikuwa imekwama katika mazoea ya zamani. Walipoipima miondoko yao wakakuta kwamba baada ya juma la kwanza makosa ya aina hiyo yalikuwa machache sana. Mikono ilikuwa imeshajifunza. Kilichokwama ni hamu ya kazi.

Sababu yake inaeleweka. Mgeni akifikisha vipimo 30 anafurahi, maana jana alikuwa na 20. Mzoefu akifikisha 30 anaumia, maana mwezi uliopita alikuwa na 64 na wenzake walikuwa wakimwita fundi. Kilichomponyoka ni heshima, na hiyo posho hailipi.

Basi wakafanya jaribio. Kundi la wapiga pasi 18 liliitwa mkutanoni. Wakaelezwa kwamba ushindani umekuwa mkali, wakatangaziwa utaratibu mpya, maswali yakajibiwa, mkutano ukafungwa. Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo: zamani walipanga nguo nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi, sasa wazipange ndani ya boksi. Kwa ajili ya boksi hilo waligombana na wapimaji wa kazi, wakamnunia msimamizi, uzalishaji ukadorora, na katika siku 40 za kwanza asilimia 17 wakaondoka.

Wakaguzi wa nguo, makundi mawili ya watu 8 na 7, walipitishwa njia nyingine. Walionyeshwa tatizo la gharama kwanza, kabla ya uamuzi wowote. Kisha wao wenyewe wakasaidia kupanga kazi mpya, ipi iondolewe na ipi ibaki, na kiwango kipya kipimwe vipi. Mapendekezo yalimiminika hata aliyekuwa akiyaandika akapata shida kuwafuata. Makundi hayo yalirudi kwenye kiwango chao ndani ya siku chache, kisha yakakipita kwa takriban asilimia 14. Katika siku 40 hizo hizo hakuna aliyeacha kazi.

Mtu anaweza kusema wakaguzi walikuwa na tabia njema kuliko wapiga pasi. Miezi miwili na nusu baadaye, wapiga pasi 13 waliokuwa wamebaki walihamishwa tena, safari hii kwa kushirikishwa kikamilifu. Wakapanda upesi kama wenzao. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni namna walivyotendewa.

Lakini kuna onyo. Mwaka 1960 French na wenzake walichapisha jaribio kama hilo kutoka kiwanda cha viatu nchini Norway, na uzalishaji haukuongezeka. Wafanyakazi wale walishirikishwa katika mambo madogo ambayo wenyewe hawakuyaona kuwa na uzito. Kumwita mtu aamue rangi ya mapazia wakati ajira yake imeshaamuliwa kwingine si kumshirikisha.

Kwa hiyo wewe kiongozi, swali la kujiuliza ni hili: nikiwaita watu wangu leo, kuna jambo gani ambalo bado linaweza kubadilika kutokana na watakachosema? Kama halipo, umechelewa. Kwa upande wa kupunguza wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana nao kabla ya kuwapunguza. Busara hiyo ingefaa kufuatwa hata pale sheria isipokulazimisha.

Nawe mfanyakazi usiyeitwa na mtu yeyote, usikae ukingoja. Kwanza, acha kujipima na fundi uliyekuwa mwaka jana. Jipime na ulivyokuwa Jumatatu. Andika kila jioni jambo moja uliloweza leo na jana hukuliweza. Pili, uliza mapema. Kuuliza si ujinga, na swali la juma la kwanza huonekana la kawaida kuliko swali hilo hilo mwezi wa sita. Tatu, tenganisha kifaa na ujuzi. Kabati lilikuwa kifaa. Kujua kwamba mtu mmoja ameandikwa Mohamedi katika barua moja na Muhammad katika nyingine, au kwamba jalada fulani huazimwa na idara fulani kila mwisho wa mwaka, huo ni ujuzi, na kompyuta haitaujua mpaka uiambie. Upeleke mezani kabla mfumo haujakamilika, hata kama hujaombwa.

Nimalizie kwa yule kijana. Ukimfundisha mama wa masjala kubonyeza, mwache ashike kipanya mwenyewe. Akimaliza, mwombe naye akufundishe namna anavyoyajua majalada yale. Atajifunza upesi zaidi akiwa mwalimu nusu ya siku, na ofisi haitapoteza alichokikusanya kwa miaka yote hiyo.