Tanga: Jiji lililovusha gitaa mpaka Nairobi

Ukitoka Tanga mjini kwenda mpaka wa Horohoro ni kilometa zipatazo 65. Wafanyabiashara wanaoifahamu njia hii huipima kwa machungwa, nazi, dagaa na vitenge. Lakini kuna bidhaa nyingine iliyopita hapa kwa miaka mingi bila kupimwa kwenye mizani ya forodha, nayo ingali inauzwa hadi leo kila upande wa mpaka. Bidhaa hiyo ni muziki.

Wengi wetu tukisikia gitaa la Simba Wanyika au Les Wanyika ndani ya basi husema huo ni muziki wa Kenya. Hatukosei sana, kwa sababu ulirekodiwa Nairobi. Ila mbegu yake ilipandwa Tanga.

Kwa nini Tanga? Jibu linaanzia kwenye mkonge. Bandari, reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na mashamba makubwa ya mkonge vilivuta vibarua kutoka pande zote za nchi. Walikuja Wanyamwezi kutoka Tabora, wakaja watu wa kusini na wa maziwa makuu, wakakutana na Wadigo, Wasambaa na Wabondei wenyeji wa mkoa huo. Penye mishahara ya mwisho wa mwezi hapakosi dansi. Bendi zikazaliwa, na baadhi ya majina yake yalieleza wenyewe wapigaji walikotoka: Jamhuri Jazz, mojawapo ya bendi kubwa za mji huo, ilianza miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi. Mpinzani wake alikuwa Atomic Jazz. Mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga, na ushindani huo ulizilazimisha bendi kutunga nyimbo mpya kila mara.

Upande wa taarab, Tanga ilifanya jambo ambalo wakubwa wa Zanzibar hawakulitarajia. Kikundi cha Black Star, na baadaye Lucky Star, kiliachana na okestra kubwa ya fidla na ganuni, kikaweka magitaa na mapigo ya dansi. Sauti ya Shakila Saidi, mwimbaji aliyefariki mwaka 2016, ikaipeleka taarab hiyo mbali. Mtindo wa Tanga ulienea pwani yote ukafika hadi Burundi, ambako vikundi vya taarab viliufuata.

Hapa ndipo biashara ya kuvuka mpaka ilipoingia. Santuri nyingi za taarab ya Tanga zilitolewa na Mzuri, lebo ya wafanyabiashara wa Mombasa walioitwa Assanand. Mwenye duka wa Mombasa alipata mali, na mwimbaji wa Tanga alipata soko. Bendi za dansi nazo zilitegemea Nairobi, kwa kuwa huko kulikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Tanzania haikuwa nacho. Redio ya taifa Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki na kuwapa umaarufu, lakini aliyetaka santuri ya kuuza alitazama kaskazini.

Miongoni mwa walioliona hilo ni ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, vijana wa Jamhuri Jazz. Waliondoka Tanga wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Nairobi na kuunda Simba Wanyika. Walichukua magitaa yanayojibizana na Kiswahili cha Tanga kisicho na haraka, wakayapeleka kwenye mji uliokuwa na studio, klabu na wanunuzi. Nairobi ikawapokea. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitenga na kuanzisha Les Wanyika. Wimbo wao "Sina Makosa" ungali unapigwa kwenye harusi na mabasi ya ukanda huu.

Angalia tarehe hizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mwezi Februari mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita, malori yalisimama, na Watanzania waliokuwa wakipiga muziki Nairobi walijikuta ng'ambo ya mlango uliofungwa. Nyimbo zilivuka kwa mawimbi ya redio, lakini bendi ya Tanga haikuweza tena kupanda basi asubuhi, kurekodi na kurudi. Mfanyabiashara aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa hasara ya mpaka uliofungwa. Mwanamuziki naye aliilipa.

Tanga yenyewe ilididimia. Nyuzi za viwandani ziliuangusha mkonge, ajira zikapungua na kumbi zikanyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasanii wa kizazi kipya, Wagosi wa Kaya, waliuliza katika wimbo wao "Tanga Kunani" jiji lao limepatwa na nini. Hata swali hilo liliulizwa kwa muziki.

Leo Horohoro na Lunga Lunga zina kituo cha pamoja cha mpakani. Mwenye mzigo wa bidhaa za ndani ya Jumuiya usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia. Wimbo haujapata urahisi huo. Kila nchi ina sheria yake ya hakimiliki na vyombo vyake vya kukusanya mirabaha. Wimbo wa mtunzi wa Tanga ukipigwa katika hoteli ya Mombasa, fedha za warithi wake zina safari ndefu kuliko gunia la machungwa. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, lakini kazi yao bado inanakiliwa kwenye flashi na kuuzwa stendi kama mali isiyo na mwenyewe.

Wafanyabiashara tunalalamika, kwa haki, bidhaa zetu zinapozuiwa au kuigwa. Basi anayeuza nyimbo hizi au kuzipiga dukani ajiulize mwenyewe analipwa nini. Na ukikuta santuri za zamani kwenye sanduku la babu, usizitupe wala kuziuza kwa bei ya chupa tupu: watozaji wa Ulaya wanazitafuta, na Tanga inazihitaji zaidi kuliko wao.

Watu wa Tanga humtania mgeni mwenye haraka: waja leo, waondoka leo? Safari ijayo, ukishamaliza shughuli zako sokoni, lala usiku mmoja. Ulizia wazee waliocheza dansi la Jamhuri na Atomic wangalipo.