Miguu na Kichwa: Safari ya Steve Zakuani

Katika nyumba nyingi za Kikula, Panda na Shituru kuna vita ndogo ya kila siku. Baba anarudi kazini, anakuta madaftari juu ya meza, lakini mwenye madaftari haonekani. Amekwenda kwenye mpira. Akirudi na vumbi mpaka magotini, maneno yanaanza: «Ile mupira itakulisha?» Na mtoto yuko na jibu tayari: «Baba, angalia wale ba Mazembe. Habakule?»

Wazazi wapendwa, tusiseme haraka kwamba mtoto ni mjinga. Mwaka 2010 TP Mazembe walifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Vijana wetu waliona jambo lile kwa macho yao. Lakini baba naye hasemi uongo. Basi, mbele ya kuamua nani yuko na haki, tumfuate kidogo kijana mmoja wa Kongo.

Steve Zakuani alizaliwa Kinshasa mwezi wa pili 1988. Alipokuwa na miaka minne, jamaa yake ilihamia London, Uingereza. Gabriel, ndugu yake, alikuwa beki na alivaa maillot ya Léopards, ekipe ya taifa letu. Steve alikuwa mchezaji wa katikati, upande wa kushoto, mwenye mbio nyingi. Alipokuwa mtoto aliingia shule ya mpira ya Arsenal, ekipe kubwa kabisa. Watoto wengi wangesema: sasa nimefika. Kumbe alikuwa hajafika. Arsenal hawakubaki naye, na kisha ajali ya pikipiki ndogo ikamwumiza goti. Kijana ambaye watu walimpigia makofi akabaki bila ekipe.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa shule. Mwaka 2007 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Akron, katika jimbo la Ohio. Akron ni mji uliojulikana kwa viwanda vya matairi, kama vile sisi tunavyojulikana kwa shaba. Kule Marekani iniversite ziko na ekipe zao, na mchezaji mzuri anaweza kusaidiwa minervali. Lakini iko sharti moja: mwenye kuanguka katika masomo anaondolewa uwanjani. Asubuhi darasani, mchana mazoezi. Mwalimu na antrenere hawavutani kamba, kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Ndani ya utaratibu ule Steve alikomaa. Katika msimu wa 2008 alifunga magoli 20. Mwezi wa kwanza 2009, ekipe za shampiona ya Marekani zilipokutana kuchagua vijana wa iniversite, Seattle Sounders walikuwa wa kwanza kuchagua, na jina walilotaja ni Zakuani. Kati ya vijana wote wa mwaka ule, mtoto wa Kinshasa alikuwa namba moja. Mwaka 2010 alifunga magoli 10 katika shampiona.

Hapa kijana anayesoma atasema: «Unaona? Aliacha iniversite baada ya miaka miwili, akapata feza.» Ni kweli, aliondoka mbele ya kumaliza. Lakini soma kwanza mpaka mwisho.

Tarehe 22 mwezi wa nne 2011, Seattle walicheza na Colorado Rapids. Mechi ilikuwa dakika ya tatu tu. Brian Mullan wa Colorado aliingia kwa nguvu kuutaka mpira, na mguu wa kuume wa Steve ukavunjika, mifupa yote miwili chini ya goti. Mullan akapewa kadi nyekundu, kisha akafungiwa mechi 10. Kwa Steve jambo halikuishia kwenye mifupa. Damu na uvimbe vilibana nyama za mguu mpaka mishipa ya fahamu ikaumia, na waganga wakampasua mara kadhaa. Fikiri: kazi ya miaka mingi, dakika tatu.

Alikaa zaidi ya miezi 14 bila kucheza mechi ya shampiona. Alijifunza tena kutembea, kisha kukimbia. Tarehe 7 mwezi wa saba 2012 akaingia tena uwanjani kule Seattle, na ekipe iliyokuwa mbele yake ilikuwa ileile Colorado. Mechi ilipokwisha, yeye na Mullan walikumbatiana, wakabadilishana maillot. Alikuwa amekwisha kumsamehe, na alisema hivyo mbele ya watu. Sisi kanisani tunasema mengi juu ya msamaha. Huyu aliufanya kwa mtu aliyemvunjia mkate wake, mbele ya uwanja mzima.

Lakini msamaha haukurudisha mbio za zamani. Alihamia Portland Timbers, na antrenere wake kule alikuwa Caleb Porter, yuleyule aliyemfundisha Akron. Mwili ulikataa. Mwaka 2014, akiwa na miaka 26 tu, akaacha kazi ya mpira.

Miaka 26! Hapa kwetu wengine wa umri ule bado wanatafuta feza ya kumaliza iniversite. Je, alibaki mikono mitupu? Hapana. Mwaka 2015 alitoa kitabu juu ya safari yake. Akaanza kuelezea mechi za Sounders kwa wasikilizaji na watazamaji. Tena, tangu 2010 alikuwa ameanzisha shirika la Kingdom Hope, la kusaidia vijana kwa njia ya mpira. Kazi hizi zote zinaomba mtu anayejua kufikiri, kuandika na kusema mbele ya watu. Mguu ulivunjika, kichwa kikaendelea na kazi.

Na wako waliomaliza kabisa. Sócrates wa Brezil, mchezaji wa katikati, alisoma uganga akicheza, akapata diploma ya munganga, kisha akawa kapiteni wa Brezil katika Kombe la Dunia la 1982. Karibu na sisi, Tanzania, Leodegar Tenga alikuwa kapiteni wa taifa katika Kombe la Afrika la 1980. Yeye ni injinia, na kutoka 2004 mpaka 2013 aliongoza shirikisho la mpira la nchi yake.

Sisi watu wa Likasi tunapaswa kuelewa neno hili upesi kuliko wengine. Baba zetu waliamini kazi ya Gécamines haiishi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa «départs volontaires». Kazi yoyote inaweza kuvunjika, ya mgodi na ya mpira.

Basi, baba na mama, musichome viatu vya mtoto. Mtu akija kumtaka kwa ekipe yake, mumwulize maneno matatu: Atasoma wapi? Nani atalipa minervali? Akiumia, nani atamtunza? Kama hana jibu, bado hajaja kwa ajili ya mtoto, amekuja kwa ajili ya miguu yake.

Na wewe kijana, cheza. Cheza kwa nguvu yako yote. Lakini usifike uwanjani kama daftari la siku ile bado halijafunguliwa. Diploma ya Serikali haikatazi mtu kufunga goli, na hakuna beki anayeweza kuivunja.